Kipindi kilicholiwa: kisa cha somo la sanaa katika shule moja ya Mwanza

Daftari lilikuwa la binti yangu wa darasa la tatu. Juu aliandika kwa herufi za kujikaza: SANAA NA MICHEZO. Ilikuwa mwishoni mwa Aprili 2024, na shule zilifunguliwa Januari. Nilipolifungua nikakuta kurasa tatu tu zimetumika. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maana ya sanaa, imenakiliwa kutoka ubaoni. Wa pili, aina za sanaa, nazo zimenakiliwa. Wa tatu ulikuwa na nyumba: kuta za mstatili, paa la pembetatu, mlango katikati, dirisha kila upande, na ua moja kubwa kulia. Kuanzia hapo ni hesabu za kugawanya mpaka zilipoishia. Nikamuuliza hesabu zimefuata nini kwenye daftari la sanaa. Akanijibu kama mtu anayemwelewesha mgeni: "Baba, hicho kipindi huwa ni cha Hisabati."

Nakiandika kisa hiki kirefu kwa sababu wazazi kadhaa wamenijia dukani kwangu Makoroboi, ninakouza vifaa vya steshenari, wakiomba nakala ya "ile barua" iliyorudisha kipindi. Hakukuwa na barua. Kulikuwa na makosa yangu mawili, mwalimu mmoja mwenye subira, kamba ya kuanikia nguo, na fundi wa boti. Jina la shule silitaji. Walimu wake bado wako kazini, na kilichotokea pale kinatokea katika shule nyingi ambazo hakuna mzazi aliyefungua daftari.

Ni shule ya serikali, upande wa Ilemela, imepandishwa mlimani katikati ya majabali kama nyumba nyingi za mji huu. Ukisimama nje ya darasa la sita unaliona ziwa, na upepo ukigeuka unapata harufu ya dagaa kutoka soko la samaki la Mwaloni. Mkondo wa binti yangu ulikuwa na watoto zaidi ya tisini. Mtaala mpya ndio kwanza ulikuwa umeanza Januari hiyo, na kwa shule za msingi ulianza na awali, darasa la kwanza na la tatu. Kaka yake aliyekuwa darasa la sita, bado kwenye mtaala wa zamani, hakuwa na somo linaloitwa sanaa kwenye ratiba yake. Binti yangu analo. Limeandikwa, lina kitabu cha Taasisi ya Elimu, na kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni lilikuwa na vipindi viwili kwa wiki vya dakika 40. Vyote viwili viliwekwa mwisho wa siku, na vyote viwili vilikuwa vikiliwa.

Ni rahisi kumlaumu mwalimu mkuu, nami nilimlaumu sana moyoni kwa wiki mbili. Lakini ukikaa kwenye kiti chake unaona anachokiona. Mtaala mpya umeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita. Maana yake ni kwamba watoto walioingia darasa la tatu 2024 watamaliza la sita 2027, mwaka uleule ambao wenzao waliowatangulia watamaliza la saba. Madarasa mawili yatatoka mlango mmoja kwa pamoja. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora, ndiyo, lakini orodha za kata na za wilaya bado ziko kwenye vichwa vya watu, na mwalimu mkuu huitwa kikaoni kuzielezea. Hakuna aliyewahi kuitwa kikaoni kueleza kwa nini watoto hawajui kuchora.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenye kikao cha kamati ya shule. Mimi ni mjumbe, kwa hiyo nilipewa nafasi ya kusema. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha kwenye simu, nikaja na hoja niliyoiona kali: watoto wanaojifunza sanaa hufanya vizuri zaidi kwenye hisabati. Niliisema kwa sauti ya mtu aliyesoma. Mwalimu wa taaluma akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Mzee, kama tunataka hisabati ipande, si tufundishe hisabati?"

Watu wakacheka. Na alikuwa sahihi, jambo lililoniuma zaidi ya kicheko. Baadaye nilirudi kwenye utafiti wenyewe badala ya vichwa vya habari, nikakuta nilijisimamisha kwenye tawi bovu. Mwaka 2013 shirika la OECD lilichapisha mapitio mapana ya tafiti za sanaa shuleni, yaliyoongozwa na Ellen Winner na wenzake. Walichokiona ni kwamba uigizaji darasani husaidia lugha ya mazungumzo, muziki una dalili kiasi, lakini ushahidi kuwa uchoraji hupandisha alama za hesabu au kusoma ni hafifu. Kisha kuna jaribio la Houston, Marekani, lililochapishwa 2019 na Daniel Bowen na Brian Kisida: shule 42, wanafunzi zaidi ya 10,000, na shule zilizoongezewa sanaa zilichaguliwa kwa bahati nasibu. Wanafunzi waliopatikana na makosa ya nidhamu walipungua kwa pointi 3.6 za asilimia. Alama za uandishi zilipanda. Na watoto walionyesha zaidi kuwahurumia wenzao. Hisabati haikusogea.

Angalia ubaya wa hoja yangu basi. Ningeshinda kikao kile kwa hoja ya hisabati, ningepewa kipindi kwa sharti la hisabati. Muhula ukiisha, alama zikiwa palepale, kipindi kinaondolewa, tena safari hii kwa haki. Nimeona wazazi wengi wakilipigania somo la sanaa kwa kuliombea kazi katika nyumba ya somo jingine, kama mfanyakazi wa ndani. Siku mwenye nyumba akibana matumizi, wa kwanza kufukuzwa ni huyo.

Kosa la pili lilikuwa la kutoelewana, na nilichelewa kuling'amua. Nilipomfuata mwalimu mkuu ofisini, peke yangu, kwa adabu, nikamwambia naona shule haina sanaa, alishangaa kwa dhati. "Haina? Juzi tu kwaya yetu imeimba mbele ya mgeni rasmi. Na UMITASHUMTA si tulipeleka ngoma?" Alininyooshea kidole ukutani, na kweli palikuwa na cheti cha mashindano hayo ya shule za msingi. Kwake yeye sanaa ilikuwepo, tena inang'aa.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa chote. Kwenye shule zetu neno sanaa limebeba mizigo miwili. Kuna sanaa ya kumpokea mgeni: kwaya, ngonjera, ngoma ya bugobogobo na majembe yake, inayofanyiwa mazoezi wiki mbili na watoto ishirini waliochaguliwa kwa sababu tayari wanaweza, huku mamia waliobaki wakipiga makofi. Siidharau. Mji ulio jirani na Bujora, ambako ngoma za Wasukuma zimetunzwa kwenye makumbusho na ambako Wagika na Wagalu, pande mbili za wacheza ngoma, bado hushindana kila mwaka, hauwezi kuidharau ngoma. Lakini kuna sanaa nyingine, ya kipindi, ambayo ni ya mtoto wa mwisho kwenye dawati la nyuma, asiye na kipaji chochote kinachoonekana, anayepewa mkaa na kipande cha karatasi na kuambiwa: tazama. Ya kwanza shule ilikuwa nayo. Ya pili ndiyo iliyokuwa imeliwa. Nilikuwa nimeingia ofisini nikadai kitu kwa jina ambalo mwenzangu alilijua kwa maana nyingine, na kwake nikawa mtu anayekana kazi ya walimu wake mbele ya cheti.

Aliyenitoa hapo ni mwalimu wa darasa la tatu mwenyewe, yule aliyekuwa akifundisha Hisabati ndani ya kipindi cha Sanaa. Siku moja alikuja dukani kununua manila na makapeni za kutengenezea zana. Tukazungumza. Kumbe chuoni alisomea sanaa, tena hapahapa Butimba, chuo cha ualimu ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikitoa walimu wa uchoraji, muziki na michezo. Tangu aajiriwe hajawahi kufundisha alichosomea. "Baba, mimi sihitaji unipiganie," akaniambia. "Niachie Alhamisi moja tu, halafu nipe vile vikaratasi unavyotupa."

Vikaratasi ninavyotupa ni vile vinavyobaki nikishakata karatasi za kadi na risiti. Nikamjazia kiroba. Alhamisi, kwa ruhusa ya mdomo ya mwalimu wa taaluma, akawapa watoto zoezi moja: chora kitu unachokiona kila siku ukitoka nyumbani kuja shule. Hakuwaelekeza zaidi.

Jioni aliniletea rundo. Tukazihesabu kaunta ya duka, mimi na yeye na mama mmoja aliyekuja kutoa fotokopi. Nyumba. Nyumba. Nyumba. Kuta za mstatili, paa la pembetatu, mlango katikati, dirisha kila upande. Wengine waliongeza bendera, wengine ua lilelile la upande wa kulia. Watoto zaidi ya tisini wa mji wa majabali, wengi wao wakipanda mlima kila asubuhi kwa kupita katikati ya mawe makubwa kuliko lori, na hakuna hata mmoja aliyechora jiwe. Hakuna aliyechora ziwa. Yule mama akaitazama moja, akauliza, "Hii nyumba iko mtaa gani?" Haiko mtaa wowote. Iko kwenye ubao wa darasa la kwanza, na wote walikuwa wameinakili tangu hapo.

Yale marundo yalinifundisha kuliko tafiti zote. Watoto wale hawakuwa wavivu wala hawakukosa kipaji. Walikuwa wamejifunza, vizuri kabisa, kwamba ukiulizwa swali shuleni jibu liko ubaoni na kazi yako ni kulirudisha. Hata walipoulizwa kuhusu njia yao wenyewe ya kwenda shule, walikwenda kulitafuta ubaoni.

Mwalimu aliendelea kwa wiki sita. Sitaeleza kila Alhamisi, nyingine ziliharibika kwa mvua na moja ililiwa na kikao. Lakini aliwatoa nje, akawaketisha kwa makundi mbele ya jabali moja nyuma ya vyoo, na kwa dakika kumi za kwanza hakuna aliyeruhusiwa kuchora. Kutazama tu. Kisha aliuliza maswali: kivuli kimeanzia wapi, ufa unakwenda upande gani, lile la juu limeshikwa na nini lisianguke? Mkaa waliokota majumbani. Kwa michoro mikubwa walitumia mifuko ya saruji, ile karatasi ya ndani, aliyoomba kwa mafundi waliokuwa wakijenga jirani. Gharama yote ya wiki sita niliyotoa mfukoni, gundi na vibanio pamoja, haikufika shilingi elfu ishirini. Naitaja kwa sababu kila ninapozungumzia somo hili mtu huniambia shule haina pesa za sanaa. Ruzuku ni ndogo kweli: tangu elimu bila malipo ianze 2016 ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na 4,000 kati ya hizo ni za vitabu. Ila kilichokuwa kimepungua pale ni dakika 40.

Michoro ikaanza kubadilika, polepole na bila usawa. Mtoto mmoja alichora nyumba yao, na ukuta wake wa nyuma ni jabali, kama zilivyo nyumba nyingi huko juu. Hakuwa ameichora hivyo mwanzo kwa sababu, alivyosema, "nyumba za kuchora hazina jiwe." Msichana mmoja alichora uanikaji wa dagaa: kitone kimoja kimoja, mamia, mpaka kipindi kikaisha hajamaliza. Mwalimu alipomwambia angeweza kutia kivuli tu pale penye rundo, akakataa: "Si rundo, mwalimu. Ni wengi." Kulikuwa na korongo wa Mwaloni, wamesimama kama wazee wa kikao. Na kulikuwa na mvulana ambaye, darasa la tatu, alikuwa hajajua kusoma. Alichora boti, akaandika ubavuni jina la boti halisi, herufi kwa herufi, kama alivyolikumbuka kutoka ufukweni. Wenzake walimuuliza limeandikwa nini. Ikabidi ajue. Hakugeuka msomaji kwa hilo, nisije nikaongeza chumvi, lakini kwa mara ya kwanza alikuwa na neno alilohitaji kulisoma yeye mwenyewe.

Baada ya hapo ukaja mkutano wa wazazi. Mwalimu aliniomba nisiseme chochote, nami nikatii kwa shida. Alifunga kamba za kuanikia nguo kutoka mti hadi mti, uwanjani, akabana michoro kwa vibanio katika mistari miwili. Mstari wa juu, zile nyumba za wiki ya kwanza. Mstari wa chini, kazi za wiki ya sita, kila moja chini ya nyumba ya mtoto yuleyule. Wazazi waliwahi, wakawa hawana la kufanya wakisubiri mgeni kutoka kata. Wakaanza kutafuta majina ya watoto wao.

Mkutano ulipoanza, mzazi wa kwanza kusema alipinga, na nataka hoja yake iandikwe vizuri kwa sababu ilikuwa na uzito. Ni mama anayeuza samaki wa kukaanga. Alisema: "Picha nzuri, nimeziona, na ya mwanangu nimeiona. Lakini mimi nalala saa sita usiku ili huyu asije akakaa kwenye karai kama mimi. Akifeli, mtampa mkaa?" Hakuna aliyecheka. Wale wanaotetea sanaa hupenda kumjibu mama kama huyu kwa hadithi za wasanii waliotajirika. Huko ni kumdanganya. Kati ya watoto tisini huenda asitoke msanii hata mmoja, na yeye anajua.

Akasimama fundi wa boti. Mtu wa maneno machache, hata kushika kipaza sauti hakujua. Akasema kijana wake wa kwanza ana cheti cha kidato cha nne, na akampeleka kazini kwake. "Nikamwambia nichoree taruma, ile mbavu ya boti, kabla hatujakata mbao, maana mbao ni ghali. Akanichorea mstari umenyooka. Boti imepinda iko mbele yake, anaiona, anachora mstari umenyooka! Nikajua huyu miaka kumi na moja amesoma, hajawahi kuambiwa aangalie kitu." Akanyoosha mkono kwenye kamba. "Huyu wa chini pale, aliyechora boti, mbavu zake zimepinda. Kidogo amekosea, lakini zimepinda." Kisha akakaa.

Sitasema mkutano uligeuka hapohapo. Yule mama hakubadili msimamo siku ile, na alipotoka alikuwa bado anatikisa kichwa. Lakini mazungumzo yalihama. Watu waliacha kuuliza sanaa itampa mtoto nini baadaye, wakaanza kuulizana kuhusu zile nyumba za juu: mbona zote zinafanana? Mzazi mmoja akauliza swali lililomgusa mwalimu mkuu kuliko yote: "Na masomo mengine nayo wanajibu hivihivi?"

Mwenyekiti wa kamati, mtu mwerevu, hakupigisha kura. Aliuliza tu kama kipindi cha Sanaa kimo kwenye ratiba iliyopitishwa. Kimo. Je, kuna aliyeamua rasmi kifutwe? Hakuna. "Basi hatujadili kuongeza kitu," akasema. "Tunajadili nani anakula." Nilijuta kwamba sikuanzia hapo mimi Aprili. Nilikuwa nimekwenda kwenye kamati kuomba fadhila, wakati ningeweza kwenda na ratiba ya mlangoni na daftari la binti yangu, nikaviweka mezani viwili pamoja, nikanyamaza.

Makubaliano yalikuwa madogo, kwa makusudi. Kipindi kimoja kati ya viwili kilihamishwa kutoka mwisho wa siku kuwa baada tu ya mapumziko, kwa sababu kipindi cha mwisho ndicho huliwa kwanza. Cha pili kiliachwa kilipokuwa, na sote tulijua kitaliwa. Mwalimu mkuu akapata alichokitaka: wiki mbili kabla ya mitihani ya muhula, vipindi vyote viko mikononi mwake. Na likafunguliwa daftari ofisini: anayetaka kuchukua kipindi cha Sanaa anaruhusiwa, ila aandike tarehe, jina la somo na sababu. Halikuwa na adhabu yoyote. Ilikuwa aibu kidogo tu ya kuandika.

Wapo walioniuliza kwa nini hatukwenda kwa Afisa Elimu Kata au kuwasubiri wadhibiti ubora wa shule. Tungeweza, na sheria ilikuwa upande wetu. Ila agizo likitoka juu, kipindi kinarudi kwenye karatasi na mwalimu anarudi kunakilisha maana ya sanaa ubaoni. Somo hili, kuliko mengine, haliwezi kufundishwa na mtu aliyelazimishwa. Kama shule ingekuwa imekataa katakata kuzungumza, ningepanda ngazi. Haikukataa.

Januari iliyofuata mwalimu wetu alihamishwa kwenda Sengerema kumfuata mumewe, na nikadhani kisa kimekwisha. Aliyemrithi si mtu wa Butimba na hajui kuchora. Alisema hivyo waziwazi, mbele ya watoto. Aliendelea na jambo moja tu alilolikuta: anawatoa nje, dakika kumi za kutazama, kisha anauliza maswali na yeye mwenyewe anachora pamoja nao, vibaya. Binti yangu anasema mwalimu huyu anafuta sana.

Mwezi uliopita nilipita ofisini kupeleka karatasi nikaomba kuliona lile daftari. Mistari kumi na minne tangu lifunguliwe. Mingi ni ya Hisabati, michache Kiingereza, mmoja umeandikwa "usafi, mgeni anakuja". Ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wa mwalimu wa taaluma, yule aliyefanya watu wanicheke kikaoni, kuna tarehe, somo, na kwenye nafasi ya sababu ameandika: "Nimeomba, watoto wamekataa."